Fimbo ya Mama Inafunza Nini?

Ninalotaka kusema huenda likawaudhi baadhi ya watu, hasa kwa kuwa jarida hili huuzwa siku ya wazazi na wanunuzi wakubwa ni akina mama. Mtanisamehe. Sikuja hapa kumtukana mama wa mtu, na wangu pia yumo katika maneno haya. Nampenda, na ataisoma makala hii kwa sababu nitampelekea mimi mwenyewe.

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilijadili hoja isemayo: "Mama asiyetumia kiboko humharibu mtoto." Nilikuwa upande wa wapinzani, na tulishindwa vibaya sana. Watetezi walikuja na methali mkononi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Samaki mkunje angali mbichi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kisha msemaji wao wa mwisho akasimama, akajipiga kifua na kusema, "Sisi sote humu ndani tulichapwa, na si tumekuwa watu?" Wee! Darasa lilitetemeka kwa makofi. Hata walimu walicheka. Mimi nilikuwa na dakika tatu tu za kujibu, na dakika tatu hazitoshi kwa jambo kama hili, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na hiyo methali ya ulimwengu. Methali inasema asiyefunzwa, haisemi asiyechapwa. Wahenga hawakuwa wajinga. Lugha ya Kiswahili ina neno la kufunza na ina neno la kuchapa, na wao walichagua moja. Kwa hivyo swali la kujiuliza si kama mama afunze au asifunze. Swali ni hili: ile fimbo ya mpera, au ule mwiko, au ile kandambili inayoruka kutoka jikoni hadi sebuleni bila kukosea shabaha, humfunza mtoto nini hasa?

Baada ya mjadala ule, mwalimu wetu wa mwongozo na ushauri alituletea habari za utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2005. Watafiti, wakiongozwa na Jennifer Lansford wa Marekani, waliwahoji akina mama zaidi ya mia tatu pamoja na watoto wao katika nchi sita: China, India, Italia, Ufilipino, Thailand na hapa kwetu Kenya. Waliwauliza mama humchapa mtoto mara ngapi, na je, kwa maoni yao, akina mama wengine huko kwao huchapa pia? Halafu wakaangalia watoto wenyewe wakoje, wagomvi au watulivu, wenye wasiwasi au wasio nao. Basi sikilizeni, ndugu zangu. Waliochapa kidogo zaidi ni akina mama wa Thailand. Waliochapa zaidi ya wote ni wa Kenya. Tulikuwa namba moja, na safari hii si kwa riadha.

Sasa, jamaa wa upande wa watetezi alipopata habari hizo alinikimbilia akicheka. Kwa nini? Kwa sababu utafiti huo unasema kwamba mahali ambapo kuchapa ni jambo la kawaida, kiboko hakimuumizi mtoto moyoni sana kama mahali ambapo si kawaida. Mtoto akiona kila mama mtaani anachapa, hasemi "mama ananichukia." Husema tu, "ndivyo akina mama walivyo." Kwa hiyo, akasema yule jamaa, sisi Wakenya tuko salama!

Hebu tusome mpaka mwisho. Utafiti ule ule unasema kwamba madhara hupungua lakini hayaishi. Hata palipo na mazoea, watoto wanaochapwa mara nyingi zaidi walionekana kuwa na ugomvi zaidi na wasiwasi zaidi. Na nchi ambazo kuchapa ni desturi zilikuwa na watoto wagomvi na wenye hofu kuliko zile nyingine. Sisi wa Voi sote tumezoea vumbi jekundu. Tunalipumua tangu kuzaliwa, tunalipangusa viatuni kila asubuhi kabla ya gwaride. Lakini sijasikia daktari yeyote akisema vumbi ni dawa ya kifua kwa kuwa tumelizoea.

Na kuna jambo jingine ambalo nimelifikiria mwenyewe, silitoi kwa mtafiti. Hayo mazoea yenyewe yanakwisha. Nyanya yangu alilelewa milimani, upande wa Wundanyi, enzi ambazo mama yeyote kijijini angeweza kukuchapa akikukuta unaiba miwa, na ukifika nyumbani unaongezwa. Ilikuwa ni sheria moja kwa wote. Lakini Voi ya leo si kijiji kimoja. Ni mji wa barabara kuu na wa reli. Reli ya kwanza ilifika hapa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na ile ya kisasa ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na zote mbili zimeleta watu. Katika ploti moja ya kupanga utakuta Mtaita, Mkamba, Mjaluo, Mswahili wa Mombasa na Msomali, kila mlango na malezi yake. Mtoto anayechapwa mlango wa tatu anacheza na mtoto asiyechapwa mlango wa nne. Anaona. Analinganisha. Usiku anajiuliza kwa nini yeye tu. Ile kinga ya "kila mama hufanya hivyo" inatoboka kila siku, na sisi bado tunaitegemea kama mwavuli mzima.

Tena nyanya aliniambia kitu ambacho watetezi wa kiboko hawakitaji. Ukichapwa na mama, ulikuwa unakimbilia kwa bibi. Bibi hakukuuliza kitu kwanza, alikupa sahani ya kimanga, ukala, ukamaliza kulia, halafu ndipo akasema, "Haya, ulifanya nini?" Nawe ukasema yote. Kumbe fimbo ile ya zamani ilikuwa na mlango wa pili, mahali pa kusema. Sisi tunaoishi katika chumba kimoja hapa mjini tumebaki na fimbo, lakini bibi tumemwacha mlimani.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie nami kidogo. Watu wakizungumza juu ya kiboko hutaja alama za mgongoni. Alama hupona. Mimi ninachoogopa ni ule ukimya. Mtoto anayechapwa kwa kila kosa hujifunza somo moja upesi sana: kosa lisijulikane. Hajifunzi kuacha kosa, anajifunza kulificha. Tuko wengi darasani ambao ni mabingwa wa kuficha. Ripoti ya muhula inasainiwa na kaka. Pesa za penseli zilizopotea zinakopwa kwa jirani. Sare iliyopasuka inavaliwa na sweta juu yake mchana kutwa, na joto la Voi mnalijua.

Kama mambo yangeishia kwenye sweta, nisingeandika. Kuna msichana ninayemfahamu, naye amenipa ruhusa nieleze bila kumtaja. Mwaka jana mwanamume mmoja mwenye pikipiki alianza kumngoja njiani jioni baada ya masomo. Mara ya kwanza alimpa lifti, akakataa. Mara ya pili akampa soda, akakataa. Mara ya tatu alimshika mkono. Akajinasua, akakimbia, akafika nyumbani anahema, na amechelewa nusu saa. Mama yake alikuwa mlangoni na mwiko. Swali la kwanza lilikuwa, "Ulikuwa unafuata nini huko?" Swali la pili halikuwepo, kwa sababu mwiko ulikuwa umeshaanza kuongea. Yule msichana akasema ameanguka njiani. Kwa wiki tatu nzima alizunguka kwa njia ndefu ya nyuma, peke yake, gizani, ili asikutane na yule mtu, na kila siku alichelewa, na kila siku alichapwa kwa kuchelewa. Jamani! Mama alidhani anamlinda binti yake na uhuni. Mhuni alikuwa barabarani, na fimbo ya mama ndiyo iliyomnyamazisha shahidi. Mwishowe alimwambia mwalimu, mama akaitwa, na ninavyosikia mama alilia kuliko binti.

Mji wetu ni mji wa matrela. Usiku kucha yanapita kwenda Nairobi na kurudi Mombasa, na wageni wanalala hapa hatuwajui. Msichana au mvulana wa mji kama huu anamhitaji mtu mmoja nyumbani ambaye anaweza kumwambia jambo lolote kabla halijaharibika. Mama akiwa ndiye mtu wa kuogopwa zaidi, mtoto atamwambia nani? Atamwambia yule mwenye pikipiki. Yeye huwa hachapi, na ana muda wa kusikiliza.

Nawasikia watetezi: "Sasa mnataka mama afanye nini? Awaache mfanye mpendavyo?" La hasha. Nina mwanafunzi mwenzangu ambaye kwao hakuna sheria yoyote, anakuja shuleni akitaka na simu anayo mpaka saa nane za usiku, na sijamwona akiwa na raha. Aliwahi kuniambia anatamani mtu amwulize tu amekula wapi. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Diana Baumrind, alichunguza malezi miaka ya 1960 akaona aina tatu za wazazi. Kuna anayeamrisha asitake kuulizwa kitu, kuna anayeachilia kila kitu, na kuna anayeweka sheria imara lakini anaeleza sababu na kumsikiliza mtoto. Watoto wa huyu wa tatu ndio waliokuwa wakijiamini na kujidhibiti zaidi. Mnaweza kusema hayo ni ya Wazungu. Nami nilisema hivyo hivyo mwanzoni. Halafu nikakumbuka ndovu.

Kule Sagalla, kwa shangazi yangu, kuna sheria moja ambayo hakuna mtoto anayeivunja: saa kumi na mbili jioni uwe ndani ya boma. Hata yule mtundu kupindukia. Hata waliokuja likizo kutoka Mombasa wakijifanya hawaogopi kitu. Wala sijaona mtu akichapwa kwa sheria hiyo. Kwa nini inatiiwa? Kwa sababu kila mtoto anajua sababu yake. Ndovu hutoka mbugani Tsavo wakati wa giza kutafuta maji na mahindi, na wameua watu katika vijiji vyetu. Mtoto ameziona nyayo shambani asubuhi. Ameuona mtungi wa maji uliopinduliwa. Mama akisema "saa kumi na mbili," mtoto anamwona mama anaogopa kwa ajili yake. Sheria hiyo haijaandikwa kwa mwiko, na imeshikwa kuliko amri yoyote ya mjini.

Basi tuchukue sheria hiyo tuilete Voi mjini. Mama anasema, "Ukifika baada ya saa kumi na mbili utanitambua!" Mtoto anasikia nini? Anasikia kwamba hatari iliyo nje usiku ni mama. Lakini angesema, "Kuna watu barabarani siwaamini, na mimi niko sokoni siwezi kukuangalia, moyo wangu hautulii mpaka nikuone," mtoto wa miaka kumi na minne angeelewa. Sisi si wagumu hivyo. Na akichelewa bado aadhibiwe! Aoshe masufuria wiki nzima, akose mpira Jumamosi, achote maji ya ploti yote. Nimeshachota mimi, na mitungi kumi ya lita ishirini inakumbukwa kuliko viboko viwili. Ila kwanza aulizwe: "Ulikuwa wapi, na kumetokea nini?" Aulizwe na asubiriwe jibu.

Hapa lazima niwatetee akina mama, kwa maana mjadala wetu uliwabebesha peke yao mzigo wote. Hoja yenyewe ilisema "mama," haikusema "mzazi," na hakuna aliyeuliza baba yuko wapi. Baba wengi wa hapa kwetu wako Mombasa, wako kwenye matrela, wako mbugani, wako katika mashamba ya mkonge ya Mwatate, wanarudi mwisho wa mwezi. Mama anaamka saa kumi usiku apokee kabeji zinazoshuka kutoka Wundanyi na ndizi zinazotoka Taveta. Anasimama sokoni mchana kutwa juani. Akirudi jioni miguu imevimba, deni la unga linamngoja, na hapo ndipo anapoikuta sahani ambayo haikuoshwa. Ule mwiko haupigi sahani peke yake. Unapiga na jua, na deni, na baba asiyetuma pesa. Mtoto ndiye aliye karibu.

Hili nalo si mawazo yangu tu. Miaka ya 1950 watafiti walikaa Kisii, mahali walipopaita Nyansongo, wakachunguza akina mama wa pale wanavyolea watoto, huku wenzao wakifanya vivyo hivyo katika jamii nyingine tano duniani. Kitabu kilichotoka mwaka 1964 juu ya akina mama hao kinaonyesha kwamba ukali wa mama au upole wake unategemea sana kazi alizo nazo na watu anaoishi nao nyumbani. Mama mwenye jembe mkononi kutwa nzima na asiye na msaidizi hana nafasi ya kubembeleza. Kwa hivyo anayetaka mama wa Voi apunguze fimbo, naye apunguze mzigo wa mama. Sisi watoto wa shule ya kutwa tunaweza kuanza hapo. Tunalala nyumbani kila siku, si kama wenzetu wa bweni wanaomwona mama wakati wa likizo. Sahani ile ingeoshwa kabla hajafika, jioni ingekuwa nyingine.

Akina baba nao wasijifiche. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza na kumlinda mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Kifungu cha 29 kinasema kila mtu ana haki ya kutopewa adhabu ya viboko, na sikuona palipoandikwa "isipokuwa watoto." Shuleni kiboko kilipigwa marufuku tangu 2001. Sheria ya Watoto ya mwaka huo huo ilikuwa bado imemwachia mzazi nafasi ya kumwadhibu mtoto kwa kiasi, lakini sheria hiyo ilifutwa na mahali pake pakawekwa Sheria ya Watoto ya 2022. Ninayataja haya kwa haraka kwa sababu siamini kwamba sheria ndiyo itakayombadilisha mama. Mama hawezi kuacha mwiko kwa kuogopa askari. Na kwa kweli hakuna mtoto anayetaka mama yake akamatwe, nani atampikia? Hata hivyo kwa yule ambaye kwao mambo yamepita kiasi, mtoto anayechomwa au anayenyimwa chakula, ile nambari ya simu ya watoto, 116, hailipiwi, na mwalimu wa ushauri yupo.

Nimrudie yule msemaji wa "tumekuwa watu." Ni kweli, tumekuwa watu. Lakini hebu mtu asimame mbele ya darasa lile lile aulize swali jingine: ni wangapi kati yetu wana jambo ambalo mama hajui, na tunaogopa kumwambia? Mimi niliuliza, siyo siku ya mjadala, ila wakati wa chakula cha mchana, chini ya mwarobaini, tukiwa wanane. Mikono saba iliinuka. Yule wa nane alisema yeye mama yake anajua, kwa kuwa alimkuta.

Mwalimu mlezi wa chama amekubali tuirudie hoja ile muhula ujao, Ijumaa ya pili, saa tisa alasiri, na safari hii akina mama wenyewe waalikwe wazungumze. Wale wa sokoni wameniambia Ijumaa ni ngumu kwao kwa sababu mizigo ya Taveta hushuka siku hiyo, basi tumeomba isogezwe hadi Jumapili baada ya ibada, na jibu bado halijarudi. Viti tutatoa darasani. Mama yangu amesema atakuja, lakini kwa upande wa watetezi.